Tulichokifuata Hekaluni

Kipigo cha kwanza kilinipata juu ya sikio la kushoto. Nilikuwa nimepiga magoti namvalisha mzee soksi, na sikuuona mkono ukija. Alinipiga kwa kikombe cha bati, kile kirefu chenye mfuniko ambacho Wachina hunywea chai, na ndani yake mlikuwa na chai. Kichwa kilinilia ngoma, halafu maji ya moto yakateremka shingoni na kuingia ndani ya hijabu. Nilipoinua uso, mzee alikuwa ananitazama bila kupepesa, kikombe bado kimo mkononi, kama mtu anayengoja zamu ya mwenziwe.

Hiyo ilikuwa wiki yangu ya pili kwake. Wakati huo, katikati ya miaka ya elfu mbili, nilikuwa nafanya kazi ya kutunza wagonjwa majumbani upande wa Virginia. Mzee aliishi na binti yake wa pekee kwenye fleti ya ghorofa ya nne huko Falls Church, karibu na barabara ya hamsini. Kwa umri hakuwa mzee hasa, ndiyo kwanza alikuwa anagusa sitini, ila kiharusi kilikuwa kimemzeesha. Upande wake wa kushoto ulikuwa umepooza. Wa kulia ulikuwa na nguvu za watu wawili. Kabla ya kuugua alikuwa mhandisi wa madaraja. Binti yake alifanya kazi ya kompyuta, anaondoka asubuhi mapema kwenda kupambana na foleni ya barabara kuu ya Beltway na kurudi jioni. Katikati hapo nilibaki peke yangu na baba yake.

Sikuwa mgeni wa kupigwa. Niliondoka Kondoa nikiwa bibi harusi wa kutumiwa tiketi, nikafikia kwa mume Springfield, na mume huyo alinivunja kidole na jino kabla sijapata akili ya kutoka na begi langu. Tangu hapo nilikuwa nikikaa na Mkenya mmoja, mtu wa Nyeri, naye pia mtunza wagonjwa. Yeye ndiye aliyenitazama sikio jioni ile, akanikandamizia barafu iliyofungwa kwenye taulo.

"Wee, huyo buda atakumaliza," alisema. Kwa Sheng yao, buda ni baba au mzee wa makamo. "Pigia ejensi wakutafutie mtu mwingine. Si lazima ukufe juu ya shifti."

"Ni mgonjwa," nikamwambia.

"Hata yule bwanako ulikuwa unasema ni mgonjwa."

Asubuhi nikapanda basi nikarudi Falls Church.

Binti alipouona uvimbe alifunika mdomo kwa viganja. "Hakuwa hivi," aliniambia. "Maisha yangu yote hajanigusa hata kwa kofi. Mama alikuwa akimtania kwamba ameolewa na jiwe. Madaktari wanasema ni ubongo ulioumia." Nikamwamini, maana na mimi nilikuwa nimeshaona wagonjwa wengi waliogeuzwa na kiharusi.

Miezi iliyofuata mwili wangu ulikuwa daftari lake. Aliniuma mkono hadi meno yakaacha alama za duara. Alinirushia rimoti ya televisheni ikanipasua mdomo. Siku moja nikimkata kucha za miguu alinipiga teke la tumbo kwa mguu ule mzima, nikaanguka chali na kugonga meza. Nilikaa pale sakafuni nikihema, na hapo ndipo nikaanza kuunganisha mambo. Soksi, viatu, kucha. Mzee hakunipiga nikiwa nimesimama. Hakunipiga nikimlisha, wala nikimnyoa, ingawa wembe ulikuwa kooni mwake na angeweza kuogopa. Alinipiga nikipiga magoti tu.

Nikanunua kigoda kidogo cha plastiki. Nikawa namvalisha soksi nimekaa kigodani kama mama ntilie, na vipigo vikapungua hadi nikaanza kujisifu kwamba nimemweza.

Kisha ikaja siku ya bafuni. Nilikuwa namwogesha, sabuni ikaniponyoka, nikapiga magoti kuiokota chini ya sinki bila kufikiri. Mzee alinishika hijabu kwa nyuma akanivuta, na paji la uso likagonga ukingo wa sinki. Akavuta tena. Damu ikaniingia jichoni. Sijui nini kilinipanda. Niliudaka ule mkono, nikausokota nyuma ya mgongo wake hadi akapiga kelele, nikamkandamiza ukutani alivyo, uchi na povu mwilini, nikamzaba kofi. Kisha nikamzaba la pili.

Kofi la kwanza naweza kulitetea. La pili lilikuwa la mtu mwingine kabisa, mtu aliyebaki Springfield, na nililipiga kwa raha. Nataka kusema ukweli huo hapa. Alikuwa mgonjwa, kaloa, hana nguo, hana upande mmoja, na mimi nilikuwa nalipwa nimtunze.

Mzee alinitazama. Kwa miezi yote ile alikuwa akitamka neno moja moja, maji, hapana, choo. Sasa akasema kwa Kiingereza kilichonyooka, ulimi ukiburuta kidogo tu, "Vizuri. Tena."

Nilikaa sakafuni nikalia hadi maji ya bomba yakawa baridi. Kisha nikamfunga taulo. Binti aliporudi nilimwambia nimeteleza bafuni, na mzee, aliyesikia kila neno, hakusema kitu.

Kesho yake, nilipokuwa nimekaa kigodani nikimpaka mafuta miguuni, alianza kuzungumza. Alizungumza siku hiyo na siku nyingine nne au tano, polepole, akitazama nje ya dirisha magari yalivyokuwa yakipita. Mimi nilisikiliza tu.

Alisema alikuwa na miaka kumi na tisa, mwanafunzi, katika miaka ile ya Mapinduzi ya Kitamaduni, shule zilipofungwa na vijana wakaambiwa wafagie kila kilicho cha kale. Juu ya mji wao palikuwa na hekalu la Wabudha lililojengwa zaidi ya miaka elfu moja nyuma. Mama yake alimbeba mgongoni kumpeleka huko alipokuwa na surua. Siku hiyo alipanda mlima ule ule pamoja na vijana wapatao arobaini, vitambaa vyekundu mikononi, nyundo na kamba mabegani. Waliifunga kamba shingoni sanamu kubwa ya Budha wakaivuta wakiimba. Ilipoanguka kichwa kilijiviringisha hadi uani. Tumboni mwake mlikuwa na misahafu ya kale iliyofungwa kwa hariri, wakaichoma na kuchemshia maji ya kunywa.

"Halafu tukamleta mtawa mkuu," alisema. "Alikuwa amevuka sabini. Tulimpigisha magoti juu ya vigae vilivyovunjika. Akapiga magoti kama unavyopiga wewe, taratibu, bila chuki. Hilo ndilo lililotukasirisha."

Walimpiga kwa mikanda ya kijeshi, upande wenye bizimu la shaba. Mzee alimpiga hadi mkono wake ukachoka. Alipopumzika akamwona kijana mmoja kajibanza nyuma ya kengele kubwa. Alikuwa mtawa mwanafunzi, umri wao mmoja, yatima aliyelelewa na yule mtawa mkuu tangu akiwa mchanga. Wakamburuta hadi uani.

"Nilimpa mkanda wangu," mzee alisema. "Nikamwambia, mpige, la sivyo tunamtupa korongoni sasa hivi. Akampiga. Bizimu likaingia jichoni. Sisi tukapiga makofi."

Nilimuuliza ikawaje. Akasema mtawa mkuu alianguka kifudifudi na wao wakashuka mlima wakiimba. Hakurudi tena. Aliamini walimuua.

"Na mimi?" nikamuuliza. "Mbona unanipiga mimi?"

"Ukipiga magoti sikuoni wewe. Namwona yeye. Nataka ainuke," alisema. "Hainuki."

Wiki ile ile alimwomba binti yake ampeleke akalione hekalu. Binti alidhani ni hamu ya mgonjwa kuona kwao kabla hajafa, akalia kwa furaha, akaomba likizo. Daktari alikubali kwa sharti kwamba msaidizi afuatane nao. Nikaombewa viza. Yule Mkenya wangu alicheka hadi akashika ukuta. "Kwa hivyo unaenda kumwona Budha ukiwa na buda!"

Mama yangu, nilipompigia Kondoa kwa kadi ya simu, hakucheka. Baba alifanya kazi na Wachina kwenye reli ya Zambia, na kwa mama wote walikuwa watu wema wanaokula kabichi. Lakini alinionya. "Mwanangu, kazi ni kazi, nenda. Ila usiiname mbele ya masanamu yao."

"Siinami, mama."

Mji wenyewe ulikuwa mwendo wa saa tano kwa gari kutoka uwanja wa ndege, umejaa vumbi la saruji na majengo mapya. Mzee alitazama kila upande akawa hatambui kitu. Mlima tu ndio ulikuwa mahali pake. Asubuhi ya pili tulipanda kwa gari hadi kwenye ngazi, na kuanzia hapo vijana wawili wa kukodi wakambeba na kiti chake cha magurudumu. Mzee alikuwa amevaa suti. Tangu tutoke Amerika alikuwa hajanigusa.

Langoni yalisimama majitu manne ya kuchonga, makubwa mara tatu ya mtu, macho yamewatoka, mapanga mkononi, na chini ya miguu yao wamekanyaga viumbe wanaopiga mayowe. Binti alinieleza kwamba hao ni walinzi wa dini. Nilistaajabu kuona nyumba ya amani imewekewa mlango wa hasira namna ile. Rangi yao ilikuwa mbichi. Kila kitu pale kilikuwa kimejengwa upya, hata Budha mkubwa wa ndani, aliyepakwa dhahabu akang'aa kama sinia la harusi. Watalii walikuwa wakipiga picha, na moshi wa udi ulinikumbusha, Mungu anisamehe, chumba cha maharusi wa kwetu.

Milango ya mahekalu yao ina kizingiti kirefu cha mbao, chafika karibu na goti, na ni mwiko kukikanyaga. Wale vijana walikuwa wameshashuka. Ili kukivusha kiti ilibidi mtu ainue magurudumu ya mbele kutoka chini. Nikasema bismillahi, nikapiga magoti mbele ya mzee, nikaukaza mwili kungoja kipigo. Hakunipiga. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya paja, umekunja ngumi hadi vifundo vimekuwa vyeupe. Jasho lilimtoka puani.

Kupitia kwa binti yake aliulizia kwa msichana wa kuuza tiketi kama yupo mtawa yeyote wa zamani, wa kabla ya kuvunjwa. Msichana akasema yupo mmoja, anayetunza kengele.

Tulimkuta kwenye chumba cha pembeni, cha kupokelea wageni, chenye meza ndogo ya chai na madirisha ya karatasi. Alikuwa mtu mfupi, kichwa kimenyolewa, masikio makubwa, kanzu ya kijivu yenye viraka vilivyoshonwa vizuri. Alitukaribisha kwa viganja vilivyounganishwa. Mimi alinitazama kwa udadisi, akasema kitu, binti akatabasamu. "Anasema wewe ndiye mgeni aliyetoka mbali kuliko wote tangu awe hapa." Akanimiminia chai mimi wa kwanza.

Mzee akaanza kuzungumza. Binti alikaa karibu yangu akinitafsiria kwa sauti ya chini, kwa hisani tu, nisijione mpweke.

"Baba anasema aliwahi kufika hapa zamani, na mama yake. Mtawa anasema karibu tena. Baba anasema alifika mara nyingine, ujanani. Mtawa anauliza mwaka gani." Akatega sikio. "Baba anautaja mwaka. Anasema alikuja na wenzake. Anasema walikuwa na kamba..."

Hapo tafsiri ikakatika. Nikamgeukia binti. Midomo yake ilikuwa wazi na macho yake yako kwa baba yake, kama anayemwona mtu akivuliwa nguo hadharani. Sikuhitaji tafsiri tena. Niliifahamu hadithi ile kwa mpangilio wake, nikaifuata kwa mkono wa mzee. Mkono wa kulia uliinuka ukavuta kamba. Ukashuka ukaonyesha chini, vigae. Kisha ukafungua kitu kiunoni, ukakinyoosha kwa mtawa. Ukabaki umenyooshwa hewani, mtupu.

Mtawa aliweka birika mezani. Akasimama, akapanga kanzu yake, akatoka. Nikadhani amekwenda kulia faraghani, kisha atarudi atamke neno la msamaha, maana watu wa dini ndivyo tunavyowategemea. Alirudi ameshika mti mnene wenye kichwa cha mviringo, ule wanaogongea ngoma yao ya mbao iliyochongwa mfano wa samaki.

Pigo la kwanza lilimpata mzee begani. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu anayetwanga mahali laini. La pili lilimpata shavuni na meno yake ya bandia yakarukia mezani, katikati ya vikombe.

Mikono yangu ilikuwa kwenye vishikio vya kiti. Ningeweza kukivuta nyuma. Breki haikuwa imefungwa, mlango ulikuwa wazi, na kazi yangu ilikuwa hiyo tu, kumlinda. Niliviachia vishikio. Nilisogea nyuma hatua moja. Nilikuwa namtazama mtawa na moyoni nilikuwa nasema, mpe. Sikuwa nafikiria mtawa mkuu wala Uchina. Nilikuwa nafikiria kidole changu.

Pigo la tatu lilipasua ngozi juu ya nyusi na damu ikamwagika kwenye shati jeupe. Hapo ndipo nilipoona alichokuwa anafanya mzee. Mkono wake wa kulia, ule ulionipiga miezi yote ile, mkono ambao ungeweza kumnyang'anya mtawa yule mti na kuuvunja, alikuwa ameuingiza chini ya paja lake. Alikuwa ameukalia.

Niliruka. La nne liliniangukia kwenye kifundo cha mkono nikausikia mfupa ukilia, lakini nilikuwa nimeushika mti. Tulivutana. Uso wa mtawa ulikuwa karibu kabisa na wangu, mate yanamtoka, na alikuwa akipiga kelele maneno yale yale tena na tena, sauti imepanda kama ya mtoto. Ndipo binti alipozinduka. Alimrukia mtawa kwa mabega yote mawili, akamsukuma hadi akajikwaa kwenye kizingiti na kuanguka nje kwa mgongo, kichwa kikagonga mawe ya uani. Akamfuata palepale chini akampiga mateke ya mbavu, yeye msichana mpole wa kompyuta, akilia, viatu vyake vya ofisini vikiruka miguuni.

"Mwache!" mzee alipiga kelele kwa Kiingereza, sijui kwa nini kwa Kiingereza. "Mwache! Mwache!"

Watawa vijana wakaja mbio. Mmoja alimshika binti, wengine wakamwinua mtawa. Watalii walikuwa wamesimama na kamera zao, hakuna aliyepiga picha. Mtu mmoja alitaka kuita polisi. Mzee akakataa, damu ikimtoka mdomoni, akasema hakuna kilichotokea, ameanguka.

Kwenye zahanati alishonwa nyuzi sita juu ya jicho. Mimi nilifungwa bendeji ya kifundo. Binti hakunisemesha hadi tuliporudi hotelini. Nikamuuliza mtawa alikuwa anasema nini.

"Alikuwa anasema, aliniita mwanangu mpaka siku anakufa." Kisha akanitazama. "Wewe ulikuwa unajua?"

"Aliniambia."

"Ulijua, na ulimwachia."

Alikuwa ameona.

Asubuhi mlango uligongwa. Alikuwa ni mtawa, bendeji kichwani, mfuko wa plastiki wenye machungwa mkononi. Binti alitaka kuufunga mlango. Baba yake akasema neno moja kutoka kitandani, binti akaufungua tena, akakaa sakafuni pembeni, ameupa mgongo ukuta. Safari hii alinitafsiria kila kitu, kwa sauti kavu, kama anayesoma barua ya mtu mwingine.

Mtawa alisema, "Sikuja kuomba msamaha."

Mzee akasema, "Wala mimi sikukuita."

Wakakaa. Kisha mtawa akaeleza kwamba mtawa mkuu hakufa siku ile. Aliishi miaka mitatu zaidi, jicho moja, akifagia kwenye karakana ya matrekta walikopelekwa wote wawili. Walilala kitanda kimoja. Kila asubuhi kijana ndiye aliyemwosha lile tundu la jicho, na kila asubuhi mtawa mkuu alimwambia ahsante mwanangu. Alikufa kwa kifua.

Mzee alishika kichwa. Kwa miaka arobaini alikuwa amejihesabu muuaji, na sasa habari kwamba hakuua ilimvunja kuliko ule mti. Alilia kwa sauti mbaya, ya upande mmoja wa mdomo, na mate yakamchuruzika nami nikasogea kumfuta. Mtawa akaniwahi. Alimfuta yeye, kwa mkono wa kanzu yake, si kwa upole sana.

"Miaka ishirini nawafundisha watu waache hasira," mtawa alisema. "Jana nimejua kwamba sijui ninachokifundisha."

Akachukua chungwa akalimenya, kwa kuwa mzee ana mkono mmoja, akapanga vipande juu ya blanketi. Hakusema kwaheri. Alipoondoka, mzee alivila vyote na mbegu zake.

Nilifukuzwa kazi kabla ya kutoka uwanja wa ndege wa Dulles. Binti alinipa begi langu kutoka kwenye kitoroli akasema ejensi itanipigia. Hakuwa na hasira tena, alikuwa amechoka tu. Mzee alinishika mkono ule usiofungwa bendeji akaubana. Nguvu zake zilikuwa bado zipo.

Nilipata kazi nyingine mbali, katika mji wa Columbia, kwa bibi kizee mpole aliyependa kuchezewa karata. Mwaka ulipita. Siku moja binti akanipigia simu, akaja akanikuta kwenye mgahawa karibu na ziwa. Alikuwa amekonda. Alisema baba yake amepata kiharusi cha pili, hasemi kabisa, na yeye amebaki na hadithi iliyokatika katikati. Alitaka nimweleze yote aliyoniambia, neno kwa neno. Nikamweleza. Alikuwa na kijitabu lakini hakuandika kitu.

Nilipofika mwisho nilijikuta siwezi kuinuka. Nikamwambia, "Kuna jambo jingine. Ile siku ya bafuni sikuteleza. Alinigongesha kwenye sinki, na mimi nikampiga. Makofi."

"Mangapi?"

"Mawili."

Mhudumu akaja akauliza kama tunataka kitu kingine, akaondoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, kumwagiwa kahawa, kuripotiwa, kutemewa mate. Nilikuwa hata nimeiweka mikono chini ya mapaja bila kujua.

"La kwanza ninalielewa," binti alisema mwishowe. Akachukua mkoba wake akaondoka.

Wiki mbili baadaye alinitumia anwani ya nyumba ya wagonjwa, bila salamu. Nikaenda Jumapili, mchana. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, kovu juu ya nyusi limekuwa jeupe, macho yake yakapita juu yangu kama juu ya mpita njia. Mama mmoja Mkongomani, mtunzaji wa zamu hiyo, alikuwa amepiga magoti mbele yake akimfunga kamba za viatu. Niliusikia mwili wangu ukijikaza. Mzee alimtazama tu utosini.

"Unamujua huyu papa?" mama aliniuliza, alipotambua nasema Kiswahili.

"Nilimtunza zamani."

"Iko mutu ya amani sana," alisema, akakaza fundo. "Hana matata hata kidogo."

Nikavuta kiti nikakaa nao.